Wamarekani na soka: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya hurudi kila msimu unapoanza na kila Kombe la Dunia linapokaribia. Tumeyapanga kuanzia ya msingi hadi yale ya wanaofuatilia kwa undani. Msimamo wetu tunausema mapema: Marekani ina watazamaji wengi wa soka, ila hawatazami ligi moja, hawatazami kwa lugha moja, wala hawakai mbele ya runinga kwa wakati mmoja. Ukiwahesabu kwa mechi za MLS, ligi kuu ya soka ya huko, peke yake, walio wengi watakuponyoka.

## Mambo ya msingi

1. Ni kweli Wamarekani hawapendi soka?

Si kweli. Fainali za Kombe la Dunia za 1994 ziliingiza watu 3,587,538 viwanjani, wastani wa karibu 69,000 kwa mechi. Zilikuwa na timu 24 na mechi 52 tu, lakini fainali zilizofuata zenye mechi 64, hadi zile za Qatar 2022, hazikuifikia jumla hiyo. Agosti 2014 Manchester United na Real Madrid zilicheza mechi ya kirafiki kwenye uwanja wa Chuo Kikuu cha Michigan, na watu 109,318 wakalipa kuiona. Ilikuwa mechi ya mashindano ya kirafiki ya kabla ya msimu tu.

Tatizo liko kwingine. Kujaza uwanja kwa tukio kubwa ni jambo moja, kufuatilia ligi wiki hadi wiki kwa miezi tisa ni jambo jingine. Kwa matukio makubwa Marekani inashindana na nchi yoyote duniani. Kwa mazoea ya kila wiki bado iko nyuma, na sehemu kubwa ya majibu yaliyo hapa chini inaeleza kwa nini.

2. Soka lina nafasi gani ukililinganisha na michezo mingine?

Desemba 2023 shirika la kura za maoni la Gallup liliwauliza Wamarekani ni mchezo gani wanaupenda kuutazama kuliko yote. Mpira wa Kimarekani, ule wa kofia ngumu na mpira wenye umbo la yai, ulipata asilimia 41. Besiboli ilipata 10, mpira wa kikapu 9, soka 5. Mwaka 2017 soka lilikuwa na asilimia 7, kwa hiyo anayedai linapanda kila mwaka bila kurudi nyuma hajaziangalia takwimu.

Isome kura hiyo kwa makini, lakini. Inamruhusu mtu kutaja mchezo mmoja tu. Mtu wa Philadelphia anayeamka kila Jumamosi kuitazama Arsenal, kisha Jumapili akawatazama Eagles, akitaja mpira wa Kimarekani anahesabika kama si mtu wa soka kabisa. Watu wa namna hiyo ni wengi.

Kuhusu ukubwa wa mlima wenyewe: Super Bowl, fainali ya mpira wa Kimarekani, ya Februari 2025 ilitazamwa na wastani wa watu milioni 127.7. Fainali ya Argentina na Ufaransa ya 2022 ilipata takriban milioni 16.8 kwa Kiingereza kupitia Fox na karibu milioni 9 kwa Kihispania kupitia Telemundo.

3. Soka ni mchezo mgeni Marekani?

Hapana. Miaka ya 1920 kulikuwa na ligi ya kulipwa, American Soccer League, iliyobebwa na timu za viwandani kama Bethlehem Steel ya Pennsylvania. Mwaka 1930, kwenye Kombe la Dunia la kwanza kule Uruguay, Marekani ilifika nusu fainali. Mwaka 1950 iliifunga Uingereza 1-0 mjini Belo Horizonte kwa bao la Joe Gaetjens, mzaliwa wa Haiti.

Kilichokosekana ni mwendelezo. Ligi ile ya zamani ilikufa mwanzoni mwa miaka ya 1930. Ligi nyingine, NASL, ilianza 1968, ikamleta Pelé New York Cosmos mwaka 1975, ikajaza Giants Stadium watu 77,691 mwaka 1977, na baada ya msimu wa 1984 ikazimika. MLS ilianza Aprili 1996 na timu 10. Maana yake kizazi cha wazazi wa leo kilikua bila timu ya soka ya kurithi kutoka kwa baba. Mtoto wa Kariakoo huzaliwa nyumbani tayari pana Simba au Yanga. Mtoto wa Ohio huzaliwa akaikuta timu ya chuo kikuu ya mpira wa Kimarekani.

## Yanayowakwaza

4. Ni kweli tatizo lao ni mabao machache?

Hili ndilo jibu linalotolewa haraka zaidi, na kwa maoni yetu lina ukweli nusu tu.

Tuanze na hesabu. Kombe la Dunia la 2022 lilitoa mabao 172 katika mechi 64, yaani wastani wa 2.7. Mechi moja ya NBA, ligi ya mpira wa kikapu, huwa na pointi zaidi ya 200. Ukiishia hapo, kesi imekwisha. Lakini kwenye mpira wa Kimarekani bao moja kamili huandikwa pointi 6, na teke la nyongeza huifanya 7. Matokeo ya 21-14 ambayo Mmarekani huyaona mechi moto ni mabao matatu kwa mawili. Ule mchezo wa Argentina na Ufaransa wa 3-3 ungeandikwa kwa mtindo wao ungesomeka 21-21. Hoki ya barafuni nayo ina mabao kama sita kwa timu zote mbili, na ina mashabiki wa kufa na kupona katika miji kama Boston na Detroit.

Wanachokikosa hasa ni hesabu ya maendeleo. Katika mpira wa Kimarekani timu ina majaribio manne ya kusogea yadi 10, yaani kama mita 9. Kila jaribio huchukua sekunde chache, kisha mchezo unasimama na runinga inaandika: jaribio la pili, zimebaki yadi 6. Mtazamaji anajua kila baada ya nusu dakika nani amepata na nani amepoteza. Besiboli ni vilevile: kila mpira unaorushwa unaingia kwenye hesabu ya mabaya na mazuri. Hata pasipo bao, kuna kitu cha kuandika.

Sasa mweke mtu huyo mbele ya kiungo anayepiga pasi 20 nyuma na pembeni ili kumvuta beki mmoja atoke kwenye nafasi yake. Kazi kubwa imefanyika, lakini kwenye kioo hakuna kilichobadilika: bado 0-0, dakika ya 31. Asiyejua kusoma nafasi zinavyofunguka ataona watu wanazunguka tu. Ndiyo maana takwimu mpya kama thamani ya nafasi za mabao (xG, yaani uwezekano wa kila shuti kuwa bao) zimepokelewa vizuri sana na vituo vya Marekani. Zinampa mtazamaji wao daftari alilozoea.

5. Kwa nini sare inawaudhi?

Kwa sababu michezo yao karibu yote imejengwa isiishe sawa. NBA huongeza dakika 5, na nyingine 5, hadi apatikane mshindi. Besiboli huendelea na vipindi vya ziada, na tangu 2020 kipindi cha 10 huanza na mchezaji akiwa tayari amewekwa kwenye kituo cha pili ili mambo yaishe upesi. Hoki ilifuta sare mwaka 2005 kwa kuleta mikwaju. NFL, ligi ya mpira wa Kimarekani, ndiyo pekee bado ina sare katika msimu wa kawaida, baada ya dakika 10 za nyongeza, na hutokea mara chache mno.

Soka linamtaka mtazamaji aelewe kwamba pointi moja ugenini inaweza kuwa mavuno mazuri. Huwezi kulielewa hilo kwa kutazama mechi moja. Lazima ujue msimamo wa ligi. Kwa hiyo sare humuudhi zaidi yule anayeonja kuliko anayefuatilia. Suluhu ya 0-0 kwenye mtoano, ambako kila mtu anajua mikwaju ya penalti inakuja, haiwachoshi hata kidogo.

6. Na zile dakika za majeruhi?

Mmarekani amezoea saa inayohesabu kurudi nyuma hadi sifuri, ikisimama mchezo unaposimama. Saa ikifika sifuri, mpira umekwisha, na sekunde za mwisho hupangwa kama hesabu ya fedha: zimebaki 14, tuna nafasi mbili za kupumzika. Katika soka saa inapanda, haisimami, na mwenye muda halisi ni refa. Kibao cha dakika 6 kikionyeshwa, mpira unaweza kuendelea hadi ya saba.

MLS ilijaribu kuwapa walichokizoea. Matokeo yake yako swali la 16.

7. Je, vituo vya runinga viliukwepa mchezo kwa sababu ya matangazo?

Kwa muda mrefu, ndiyo. Mechi ya NFL ina dakika 60 za saa lakini huchukua zaidi ya saa tatu. Uchambuzi wa Wall Street Journal wa 2010 ulikuta mpira wenyewe unachezwa kama dakika 11 tu. Kati ya hapo kuna marudio, wachezaji wakijipanga, na matangazo ya biashara zaidi ya 100. Soka linakupa vipindi viwili vya dakika 45 bila pengo, na mapumziko ya dakika 15. Muuza matangazo anaona mlango mmoja.

Njia zilizojaribiwa zilikuwa mbaya. Mwaka 1967 CBS ilionyesha ligi iliyoitwa NPSL, na mwamuzi mmoja akakiri hadharani kwamba baadhi ya faulo alizopuliza zilikuwa za kutengeneza nafasi ya matangazo. Kombe la Dunia la 1990 kituo cha TNT kilikata matangazo mpira ukiendelea, na watazamaji wakawaka. Mwaka 1994 ABC na ESPN walipata dawa: waliweka saa na matokeo kwenye kona ya kioo, na pembeni yake nembo ya mdhamini. Kipindi kikaenda bila kukatwa. Kile kisanduku tunachokiona leo kila mahali kilizoeleka Marekani kwa namna hiyo.

Mapumziko ya kunywa maji ya dakika 3 katika kila kipindi, yaliyopitishwa na FIFA kwa mechi zote 104 za Kombe la Dunia la 2026, yanaipa runinga nafasi ambayo haikuwahi kuwa nayo. Mashabiki wanaoogopa kwamba mazoea hayo yatahamia kwenye ligi wana sababu ya kuogopa.

8. Wanasema wachezaji wanajiangusha. Hilo lina uzito gani?

Lina uzito kwa mtazamaji mpya, hasa aliyelelewa na mpira wa Kimarekani, ambako anayeumia hutakiwa ainuke haraka. Lakini kujiangusha si kwa soka peke yake. NBA nayo, kuanzia msimu wa 2023-24, ilianza kumwadhibu ndani ya mechi anayejiangusha ili kumdanganya refa.

MLS ililishughulikia kwa vitendo. Tangu 2024 mchezaji akilala zaidi ya sekunde 15 na madaktari wakaingia, akitoka nje hukaa dakika 2 kabla ya kurudi. Kipa hahusiki, wala aliyeumia kichwa, wala aliyechezewa faulo ya kadi. Anayebadilishwa naye ana sekunde 10 za kutoka. Akichelewa, anayeingia hungoja dakika nzima. Sheria hizi zilipoanza, aliyetazama mechi ya MLS kisha ya ligi nyingine aliiona tofauti hii waziwazi dakika za mwisho.

9. Kwa nini ligi yao haina kushuka daraja?

Kwa sababu timu za Marekani ni hisa katika biashara moja. Mwenye kuingia MLS hununua nafasi. Toronto ililipa dola milioni 10 kuingia mwaka 2007. San Diego ilitangazwa 2023 kwa dola milioni 500. Hakuna anayelipa kiasi hicho akakubali kwamba misimu miwili mibaya itampeleka daraja la pili.

Athari kwa mtazamaji ni kubwa. Mwezi wa mwisho, timu ya mkiani haina la kugombania, na mechi yake haina sababu ya kutazamwa. Mmarekani halioni hilo kama pungufu kwa kuwa ligi zake zote ziko hivyo, ila aliyekwisha kuonja vita ya kukwepa kushuka daraja kule Uingereza huliona mara moja. Wamiliki wa USL, ligi za chini ya MLS, walipiga kura Machi 2025 kuleta kupanda na kushuka kati ya madaraja yao wenyewe. Huo ni mtihani unaostahili kufuatiliwa.

## Yanayowavuta

10. Kwa nini Premier League imeshika Marekani ilhali inachezwa asubuhi?

Imeshika kwa sababu inachezwa asubuhi. Jumamosi, mechi za saa 6:30 mchana, saa 9:00 na saa 11:30 jioni za Uingereza huangukia saa 1:30 asubuhi, saa 4:00 na saa 6:30 mchana za New York. Katika masaa ya asubuhi hakuna mpira wa Kimarekani, hakuna kikapu, hakuna besiboli. Jumapili mechi ya mwisho inakaribia kwisha NFL inapoanza saa 7:00 mchana. NBC ilichukua haki mwaka 2013, ikaonyesha mechi zote bila kuzirukaruka, na mkataba uliofuata, wa miaka sita kutoka 2022, uligharimu takriban dola bilioni 2.7.

Jambo la pili ni urefu. Mechi huisha ndani ya saa mbili, na mtu anaweza kuahidi kufika mahali. Besiboli ilijifunza somo hilo kwa shida: mwaka 2023 ilianza kumpa mrushaji sekunde 15 hadi 20 kurusha mpira, na mechi zikafupishwa kwa karibu nusu saa.

Walio Los Angeles wana mzigo wao. Mechi ya kwanza kwao ni saa 10:30 alfajiri, na bado kuna baa zinazofungua milango.

11. Timu ya wanawake imechangia nini?

Kuliko wengi wanavyodhani. Sheria ya elimu ya 1972 inayojulikana kama Title IX ilizilazimisha shule na vyuo vinavyopata fedha za serikali kuwapa wasichana nafasi sawa michezoni, na soka likawa mojawapo ya njia rahisi za kutimiza hilo: uwanja mmoja, mipira michache, wachezaji wengi. Nchi nyingine zilikuwa bado zinawazuia wanawake kucheza. Matunda yake ni Kombe la Dunia mara nne: 1991, 1999, 2015 na 2019.

Fainali ya 1999 ilijaza Rose Bowl watu 90,185. Fainali ya 2015, Marekani 5, Japani 2, ilipata zaidi ya watazamaji milioni 25 kwenye Fox. Soma tena tarakimu za fainali ya wanaume ya 2022 kwenye swali la 2: kwa lugha ya Kiingereza, wanawake waliipita mbali. Mmarekani wa kawaida anapenda mshindi anayemjua kwa jina.

Ligi ya wanawake yenyewe ndiyo iliyosumbua. WUSA ilidumu misimu mitatu, 2001 hadi 2003. WPS nayo ikafa baada ya 2011. NWSL, iliyoanza 2013, ndiyo iliyosimama, na mwaka 2024 ilianza mkataba wa runinga wa miaka minne wa dola milioni 240. Afrika iko katikati ya simulizi hii: Temwa Chawinga wa Malawi alifunga mabao 20 akiwa na Kansas City Current mwaka 2024 na kutwaa tuzo ya mchezaji bora, na Barbra Banda wa Zambia ndiye aliyefunga bao pekee la fainali ya mwaka huohuo akiwa na Orlando Pride.

12. Watazamaji wa Kihispania wana uzito gani?

Ukiwaacha hao, hujazungumzia soka la Marekani. Sensa ya 2020 ilihesabu watu milioni 62 wenye asili ya Kilatini. Ligi ya Mexico imekuwa ikiongoza kwa watazamaji wa runinga kati ya ligi zote za soka zinazoonyeshwa nchini humo, na timu ya taifa ya Mexico hujaza viwanja vya Dallas, Houston na Los Angeles kwa mechi za kirafiki kana kwamba iko nyumbani. Sauti ya mtangazaji Andrés Cantor akivuta neno la bao hadi pumzi iishe inajulikana hata na wasiojua Kihispania.

Makosa ya kawaida ya waandishi ni kunukuu tarakimu za kituo cha Kiingereza tu na kutangaza kwamba mechi ilikosa watu.

13. Messi amebadilisha nini hasa?

Alicheza mechi yake ya kwanza Inter Miami tarehe 21 Julai 2023 dhidi ya Cruz Azul, akafunga kwa mpira wa adhabu dakika ya 94. Tiketi za mechi za ugenini zikapanda, na baadhi ya timu zikahamishia mechi dhidi ya Miami kwenye viwanja vya NFL. Mwaka 2025 Miami ikachukua ubingwa.

Lakini jezi ya waridi mgongoni mwa mtoto wa Nashville haimaanishi mtoto huyo ataitazama Nashville ikicheza na Salt Lake. Pelé alijaza viwanja vilevile (swali la 3), na ligi ikafa. Tofauti ni kwamba safari hii ligi ina timu 30, viwanja vingi vyake yenyewe, na wamiliki wenye mtaji.

## Ligi, runinga na watoto

14. Kwa nini MLS haitazamwi kwa kiwango cha ligi nyingine Marekani?

Sababu ni kadhaa, ila iliyo kubwa ni hii: Mmarekani amezoea kwamba ligi yake ndiyo bora duniani. NBA ni kilele, NFL ni kilele. Katika soka, remoti hiyohiyo inamletea Real Madrid. MLS ina kikomo cha mishahara, na tangu 2007, alipokuja Beckham, kila timu inaruhusiwa wachache wanaolipwa nje ya kikomo hicho. Leo ni watatu. Ndiyo maana unaona mshambuliaji wa kiwango cha dunia akipewa pasi na beki asiyefahamika.

Pili ni kalenda. Msimu umekuwa ukianza Februari na kuishia Desemba, hivyo mtoano wake unagongana na NFL, vyuo, fainali za besiboli na mwanzo wa NBA. MLS imetangaza kuhamia msimu wa Julai hadi Mei kuanzia 2027, na mapumziko ya baridi katikati. Tatu, timu 18 kati ya 30 huingia kwenye mtoano, na hilo linapunguza uchungu wa kupoteza mechi ya Mei.

Nne ni runinga. Mwaka 2023 ligi ilihamia Apple kwa mkataba wa miaka 10 wa dola bilioni 2.5. Picha ni safi na mechi zote ziko mahali pamoja, lakini ilibidi ulipie kifurushi cha peke yake. Aliyekuwa anabadilisha chaneli akakutana na mechi kwa bahati hakuwepo tena. Apple ilikuja kukiondoa kifurushi hicho kuanzia 2026 na kuziweka mechi ndani ya huduma yake ya kawaida.

Hata hivyo uwanjani hali ni tofauti. Fainali ya Atlanta ya 2018 iliingiza watu 73,019. Mtu anayesema MLS haina mashabiki hajafika Atlanta, Seattle au Portland. Mwaka 2017 mmiliki alipotaka kuihamisha Columbus Crew kwenda Austin, mashabiki waliandamana, wakatafuta wanunuzi, na timu ikabaki.

15. Watoto wengi wanacheza soka. Mbona hawawi watazamaji?

Kwa sababu kwao kucheza na kutazama vilitenganishwa. Tangu miaka ya 1960 na 1970, kupitia vyama kama AYSO, soka liliuzwa kwa wazazi wa vitongoji kama mchezo salama wa Jumamosi asubuhi ambapo kila mtoto anacheza. Mzazi aliyekaa pembeni hakuujua mchezo. Mtoto akifika miaka 13 hivi, wengi huacha, na hawaachi nyuma timu yoyote waliyoizoea kwenye runinga.

Walio bora huingia kwenye vilabu vya kulipia, na gharama ya mwaka huweza kufika maelfu ya dola ukijumlisha ada, safari na mashindano. Watoto wa wahamiaji, ambao ndio wanaotazama soka nyumbani kila siku, hapo ndipo wengi hukwama. Akademi za bure za timu za MLS zimepunguza tatizo, lakini kwa wanaoishi karibu nazo.

## Maswali ya pembeni

16. Kwa nini wasibadilishe sheria ziwafae wao?

Walibadilisha. NASL iliweka mstari wa kuotea yadi 35 kutoka goli badala ya nusu ya uwanja. MLS ya 1996 iliweka saa inayorudi nyuma, na sare iliamuliwa hivi: mshambuliaji anaanza na mpira umbali wa mita 32, ana sekunde 5, na kipa anaruhusiwa kutoka. Mshindi wa namna hiyo alipata pointi 1, mshindi wa kawaida 3. Vyote viwili vilifutwa baada ya msimu wa 1999.

Viliposhindwa vilishindwa kwa sababu moja: waliokuwa tayari kulipa walitaka mpira uleule wanaouona Ulaya na Amerika Kusini, na wasioutaka hawakuja hata ulipobadilishwa. Kilichobaki ni mabadiliko madogo, kama kwenye Leagues Cup, mashindano ya timu za MLS na za ligi ya Mexico, ambako sare huenda moja kwa moja kwenye penalti.

17. Mechi kusimama kwa saa mbili sababu ya radi, hiyo ni nini?

Ni utaratibu wa usalama wa Marekani kwa michezo yote ya nje. Radi ikipiga ndani ya eneo lililowekwa, kwa kawaida maili 8, yaani kilomita 13, wachezaji na mashabiki huondolewa, na saa ya dakika 30 inaanza. Ikipiga nyingine, hesabu inarudi mwanzo. Chelsea na Benfica mjini Charlotte, Juni 2025, walisimama karibu na dakika ya 86 kwa takriban saa mbili, na mechi nzima ikachukua zaidi ya saa nne na nusu. Ukitazama mechi za Juni na Julai huko, usizime runinga mapema.

18. Wapo wachezaji wa kwetu huko?

Wapo na waliokuwepo. Victor Wanyama wa Kenya alicheza Montréal, timu ya MLS iliyo Kanada, kuanzia 2020. Micheal Azira wa Uganda alipita Seattle na Colorado. Bernard Kamungo alizaliwa katika kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Kasulu, kwa wazazi kutoka Kongo. Familia ikahamia Abilene, Texas, akapita majaribio ya wazi, akafika FC Dallas, na Januari 2024 akavaa jezi ya Marekani dhidi ya Slovenia.

19. Nimehamia Marekani. Nimuonyeshe vipi mwenzangu wa kazini asiyejua soka?

Usianze na mechi ya ligi ya katikati ya msimu. Chagua mtoano wa mechi moja, wa kufa au kupona, ili swali la sare lisiwepo. Kabla ya mpira kuanza mweleze mambo matatu tu: kuotea kunapimwa mpira unapotoka mguuni, saa haisimami, na kadi mbili za njano ni nyekundu. Mengine yatakuja yenyewe.

Kama anapenda kikapu, mwambie amtazame asiye na mpira. Atatambua mara moja kujiachia na kumzibia beki njia. Kama ni mtu wa hoki, hahitaji maelezo ya kuotea kwa muda mrefu. Kama ni wa mpira wa Kimarekani, mwonyeshe kona na mipira ya adhabu, kwa sababu hapo mchezo unasimama na watu wanajipanga kwa mpango ulioandikwa. Epuka kumwambia mchezo wake si mpira. Mazungumzo hufia hapo.

20. Mechi za MLS nitazitazama saa ngapi nikiwa Afrika Mashariki au Ghuba?

Mechi nyingi za Jumamosi huanza saa 1:30 usiku kwa saa za mji wenyeji. Kuanzia Jumapili ya pili ya Machi hadi Jumapili ya kwanza ya Novemba, New York na Miami ziko nyuma ya Dar es Salaam, Nairobi na Kampala kwa saa 7, hivyo mpira unaanza saa 8:30 usiku wa kuamkia Jumapili. Los Angeles na Seattle ziko nyuma kwa saa 10, kwa hiyo ni saa 11:30 alfajiri. Lubumbashi, Bujumbura na Kigali punguza saa moja; Muscat na Dubai ongeza moja. Nje ya miezi hiyo, ongeza saa moja kwa wote.